Kiini cha Yai na Kiini cha Seli: Uhakiki wa Istilahi za Biolojia Ukianzia Lokitaung

Huko Lokitaung neno seli lilikuwa na kazi kabla halijaingia darasa la biolojia. Mji huo mdogo ulioko kaskazini ya Lodwar, kuelekea mpaka wa Ethiopia, umeandikwa katika historia ya Kenya kwa sababu ya gereza lake. Baada ya hukumu ya Kapenguria ya tarehe 8 Aprili 1953, Jomo Kenyatta, Bildad Kaggia, Fred Kubai, Paul Ngei na Kung'u Karumba walifungwa huko, na Kenyatta hakuondolewa ila mwaka 1959 alipohamishiwa Lodwar. Waruhiu Itote, aliyejulikana kwa jina la Jenerali China, alikuwa miongoni mwa wafungwa wa hapo, na ni katika gereza hilo alikofunzwa Kiingereza na Kenyatta. Seli, kwa historia ya mahali hapo, ni chumba chenye kufuli. Kijana wa Lokitaung anapofika shule ya sekondari huelezwa kwamba mwili wake wote, na wa mbuzi wake, na wa mgunga anaoupumzikia chini yake, umejengwa kwa seli.

Sadfa hiyo haikuzaliwa katika Kiswahili. Robert Hooke, katika kitabu chake Micrographia cha mwaka 1665, aliitazama kokasi ya gome la mti kwa hadubini, akaona vitundu vilivyopangana, akavipa jina la vyumba vidogo. Yafaa ikumbukwe kwamba alichokiona Hooke kilikuwa kimekufa. Alizihesabu kuta, wenyeji wa vyumba walikuwa wamekwisha kutoweka. Neno hilo basi lilianza maisha yake ya kisayansi likiwa jina la ukuta usio na kitu ndani, na ilipasa zipite karne mbili hivi kabla ya Robert Brown kukipa jina kiini, mwaka 1831, na Schleiden na Schwann kutangaza, mwaka 1838 na 1839, kwamba mimea na wanyama wote wameumbwa kwa seli.

Mjadala wa wanaistilahi wa Kiswahili kuhusu jambo hili umekuwa, kwa sehemu kubwa, mjadala wa asili ya maneno. Upande mmoja husimama na seli, neno lililokopwa. Upande wa pili husimama na chembe hai, neno lililoundwa kwa mali ya nyumbani. Kazi ya kusanifu istilahi ina historia ndefu katika Afrika Mashariki: Kamati ya Lugha iliyoanzishwa mwaka 1930, chuo cha uchunguzi wa Kiswahili kilichoingizwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1964 na kujulikana baadaye kwa jina la TUKI, Baraza la Kiswahili la Taifa lililoundwa Tanzania mwaka 1967, kisha Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia ya mwaka 1990, na Kiongozi cha Uundaji wa Istilahi za Kiswahili cha Tumbo-Masabo na Mwansoko cha mwaka 1992. Hakuna anayeweza kuidharau kazi hiyo. Hata hivyo swali la kwamba neno limezaliwa wapi limepewa uzito kuliko swali jingine lililo gumu zaidi: neno likishaingia akilini mwa msomaji, linachora picha gani, na picha hiyo inapatana au haipatani na picha zinazochorwa na maneno mengine ya kundi lile lile?

Tuanze na chembe hai. Chembe ni punje, kitu kidogo kigumu kisichogawanyika, kama chembe ya mchanga au ya wali. Kivumishi hai kinaongeza uhai, lakini hakikiongezei kitu hicho undani. Chembe haina mlango, haina vyumba, haina kazi zinazogawanywa baina ya sehemu zake. Na hapo ndipo penye kasoro, kwa kuwa tofauti kuu baina ya seli za yukarioti, yaani za wanyama, mimea, kuvu na protozoa, na zile za bakteria, imo katika undani huo hasa. Seli ya yukarioti imegawanyika ndani. DNA yake imetengwa katika kiini chenye utando wake. Nishati huzalishwa penginepo. Protini hutengenezwa mahali, hupelekwa pengine kupangwa na kufungashwa. Mabaki huvunjwavunjwa katika vifuko vilivyofungwa visije vikaila seli yenyewe. Neno chembe linazificha habari zote hizi. Neno la kukopwa, pamoja na harufu yake ya gereza, angalau ni neno la nyumba: lina ndani na nje. Wale wanaolipendelea chembe hai kwa hoja ya uzalendo wanatetea nasaba ya neno, na wanaiacha maana yake bila mtetezi. Inafaa chembe ibakie palipo na jadi yake, yaani katika chembe za damu, ambako macho ya hadubini huona punje nyingi zikielea.

Lakini ushindi wa seli si ushindi wa kufurahisha sana, maana neno hilo halikuja na ukoo wake. Linaishi peke yake katikati ya maneno yaliyotoka nyumba nyingine, na nyumba hiyo, ukiitazama vizuri, ni yai.

Tazama kiini. Katika Kiswahili cha kila siku kiini ni, pamoja na maana yake ya undani wa jambo, ile sehemu ya manjano ya yai. Tazama ute. Mwalimu anayetaka kulifafanua neno saitoplazimu kwa lugha ya nyumbani hukimbilia ute, na ute ni ule weupe wa yai. Tazama utando, ambao ni ile ngozi nyembamba anayoiona mtu akilibambua yai la kuchemsha. Tazama ganda, linalojitokeza kila mara mtu anapotaka kuueleza ukuta wa seli ya mmea. Maneno manne, na yote yamo katika yai moja la kuku. Hakuna kamati iliyokaa ikaamua kwamba yai liwe kielelezo cha seli. Picha hiyo ilijipenyeza yenyewe, na kwa kuwa ina mpango, inashika akilini kwa nguvu. Mwanafunzi anayechorewa duara lenye duara dogo ndani yake hana haja ya kuambiwa afikirie yai. Ameshalifikiria.

Ubaya ni kwamba picha hiyo, pamoja na mpango wake mzuri, ni ya uongo kila mahali, na uongo wake ni wa hatua moja moja, jambo linaloufanya uwe mgumu kugunduliwa. Katika yai lisilorutubishwa, sehemu ya manjano siyo kiini cha seli. Hiyo ndiyo seli yenyewe, nzima, iliyojazwa akiba ya chakula, nayo ni miongoni mwa seli kubwa kabisa ambazo mtu anaweza kuziona bila hadubini. Kiini chake cha kibiolojia kimo katika kidoa kidogo cheupe kilichokaa juu ya ile manjano. Ute mweupe haumo katika seli hata kidogo: umeongezwa nje, yai likiwa safarini katika mfereji wa kuku, na ngozi iliyo chini ya ganda imeongezwa baada yake. Kwa hiyo anayesema kiini cha yai amekitaja kitu ambacho biolojia hukiita seli, na anayesema ute amekitaja kitu kilicho nje ya seli. Kila neno limesogezwa hatua moja kuelekea ndani. Mtungaji wa kamusi anayeweka chini ya kidahizo kiini maana mbili zenye namba 1 na 2, bila onyo lolote, amemwekea msomaji mtego kwa mikono yake mwenyewe.

Jambo hili si dogo, kwa maana jina la kundi zima limejengwa juu ya neno hilo. Yukarioti hutokana na Kigiriki: eu, yaani nzuri au halisi, na karyon, yaani kokwa. Édouard Chatton aliitofautisha jamii hii na prokarioti katika maandishi yake ya mwaka 1925, na Stanier na van Niel wakaieneza tofauti hiyo mwaka 1962. Kwa Kiswahili husemwa, kwa usahihi kabisa, seli zenye kiini halisi. Lakini kama kiini ni manjano ya yai, basi kiini halisi ni nini? Kokwa, neno la Kigiriki lilivyokuwa, lingewafaa zaidi watu wa Lodwar, ambako mikoma hustawi kando ya mto Turkwel na kila mtoto anajua kwamba tunda la mkoma lina nyama nje na kokwa gumu ndani lenye uhai wa mti ujao. Haisemwi hapa kwamba kiini kiondolewe. Neno limekwisha kutia mizizi hata katika fizikia, kwenye kiini cha atomu. Inasemwa tu kwamba lilipochaguliwa halikuulizwa lilikotoka.

Kuna upande mwingine wa picha hiyo ya yai. Ni picha ya jamii iliyozoea kuku. Uchumi wa ufugaji wa Waturkana umesimama juu ya ngamia, ng'ombe, mbuzi, kondoo na punda. Vitu vyake vya kila siku ni maziwa, damu na ngozi. Wataalamu waliosanifu istilahi walikuwa wakifikiri, bila kukusudia, kutoka jikoni mwa pwani na mwa bara lenye mashamba. Tena mwanafunzi wa Turkana huja darasani na sarufi yake. Katika Kiturkana maji ni ngakipi, maziwa ni ngakile, damu ni ngaokot, na kiambishi nga- kilichomo katika maneno hayo ni cha wingi. Vitu vya majimaji huchukuliwa kisarufi kama vitu vingi. Kiswahili nacho kinaweka maziwa na maji katika ngeli ya ma-, lakini damu kinaihesabu kuwa kitu kimoja kisicho na sehemu. Ingekuwa upuuzi kudai kwamba sarufi ya Kiturkana iliigundua hadubini. Kiambishi si maabara. Hata hivyo mwalimu anayetaka kusema kwamba damu ni halaiki ya chembe zinazoelea ana, katika lugha ya kwanza ya wanafunzi wake, mlango ulio wazi, na Kiswahili chake hakimwambii kwamba mlango huo upo.

Damu hiyo hiyo ingemsaidia pia kuivunja picha ya yai. Waturkana, kama inavyojulikana, hutoa damu ya mnyama aliye hai kwa kumchoma mshipa wa shingo kwa mshale, na kuinywa ikiwa imechanganywa na maziwa. Sasa chembe nyekundu za damu za mamalia, zikishakomaa, hazina kiini. Hazina hata mitokondria. Ni seli za mnyama wa yukarioti zilizokitupa kile kilichowapa yukarioti jina lao. Za ngamia zina ajabu moja zaidi: umbo lake ni la duaradufu, wakati za mamalia wengine walio wengi ni za mviringo. Kitabu kinachomfundisha kijana wa Lokitaung kwamba kila seli ina kiini, kisha kikamwonyesha yai, kimemnyima mfano alionao mkononi na kumpa mfano usio sahihi.

Kuhusu oganeli maneno hayahitaji kuwa mengi, kwa sababu hapo wasanifu walichoka wakakopa. Oganeli yenyewe maana yake ni ogani ndogo. Kiswahili ni hodari wa kudogosha kwa viambishi, na Kiturkana kadhalika, kwa kiambishi i- cha jinsi ya vitu vidogo, kama katika ikoku, mtoto. Lakini udogo huo haukutumiwa. Kijiungo kingewezekana kama kiungo kisingekuwa kimekwisha kulemewa na jikoni, na ni nani anayetaka seli yenye viungo? Mitokondria imeingia kwa umbo lake la wingi la Kigiriki, ikakaa katika ngeli isiyobainisha umoja na wingi, na hakuna aliyeumia. Saitoplazimu imefuata matamshi ya Kiingereza, ndiyo maana sikio la Mswahili haliwezi kuuona undugu wa saito na seli, undugu ambao mwanasayansi wa Ulaya huusoma mara moja. Vakuoli maana yake ya asili ni kitu kitupu, na haiko tupu, bali katika mmea imejaa maji na chumvi; kosa hilo ni la Kilatini na Kiswahili kimelirithi salama kwa kutolielewa. Nyavu za ndani ya seli zingeweza kuitwa mtandao, lakini neno hilo tangu miaka ya 1990 limechukuliwa na kompyuta, na haielekei kwamba litarudishwa.

Palipo na haja ya kusimama ni kwenye sitiari, kwa sababu mwalimu akishindwa na istilahi hukimbilia mfano. Tangu makala ya Philip Siekevitz ya mwaka 1957 katika Scientific American, mitokondria imeitwa duniani kote mtambo wa nguvu wa seli, na vitabu vya Kiswahili vimeandika kiwanda cha nishati bila kufikiri mara mbili. Kiwanda ni kitu kilichojengwa na mwenye nyumba. Mitokondria haikujengwa na seli. Lynn Margulis alitetea mwaka 1967, na ushahidi wa DNA ukamuunga mkono baadaye, kwamba mitokondria ni kizazi cha bakteria waliokuwa wakiishi huru, wakaingizwa ndani ya seli nyingine na wakabaki. Bado ina DNA yake na ribosomu zake zinazofanana na za bakteria. Sitiari ya kiwanda inaificha historia hiyo yote.

Kwa mfano wa mgeni aliyegeuka mwenyeji, awi, yaani boma la Waturkana, ni kielelezo bora kuliko kiwanda. P. H. Gulliver, katika kitabu chake The Family Herds cha mwaka 1955, alieleza jinsi kila mke anavyokuwa na nyumba yake ndani ya awi, iitwayo ekol, na wanyama waliotengwa kwa ajili yake, ambao huwafikia wanawe yeye. Mke hutoka ukoo mwingine, huja akakaa, na mali ya nyumba yake hufuata njia yake. Mitokondria nayo ilitoka nje, ikakaa, na hurithiwa kwa njia ya mama. Ua wa miiba unaolizunguka boma, wenye milango inayofunguliwa kwa baadhi na kufungwa kwa wengine, unaeleza kazi ya utando kuliko ukuta wa gereza. Hata hivyo mfano huu nao una mwisho wake, na mhakiki hana ruhusa ya kuusamehe kwa kuwa ni wa nyumbani: mitokondria ya mama huwafikia watoto wote, wa kike na wa kiume, na wa kiume hawaipitishi mbele, ilhali ng'ombe wa ekol huwafuata wana wa kiume. Mwalimu atakayeutumia aseme hivyo waziwazi, la sivyo atakuwa amebadilisha uongo wa kiwandani kwa uongo wa bomani.

Yamkini mtu atauliza kama yote haya si mchezo wa wanaleksikografia, kwa kuwa shule za Kenya hufundisha biolojia kwa Kiingereza, na hata Tanzania pendekezo la Tume ya Rais ya Elimu ya mwaka 1982, kwamba sekondari zianze kutumia Kiswahili mwaka 1985, halikutekelezwa. Jibu liko zahanati. Kambi ya Kakuma, iliyoanzishwa mwaka 1992, imewakusanya watu wa Sudan, Somalia, Kongo, Burundi na kwingineko, na Kiswahili ni miongoni mwa lugha zinazowakutanisha wao kwa wao na wao kwa Waturkana. Turkana ina malaria, ina kifua kikuu, ina kala-azar. Kwa Kiswahili cha mabango na cha redio, magonjwa yote matatu huletwa na vijidudu. Lakini kifua kikuu huletwa na bakteria, ilhali malaria na kala-azar huletwa na yukarioti, viumbe wenye kiini na mitokondria kama mgonjwa mwenyewe. Dawa nyingi za kuua bakteria hufanya kazi kwa sababu ribosomu za bakteria ni tofauti na zetu. Dhidi ya kiumbe ambaye seli yake inafanana na yetu, silaha hiyo aghalabu huwa butu. Mgonjwa anayemaliza vidonge alivyobakiza jirani, kwa kuwa ni vidonge vya vijidudu, ameongozwa vibaya na neno. Na neno hilo hilo haliwezi kumweleza kwa nini doksisaiklini, ambayo ni dawa ya bakteria, hutumika pia kukinga malaria: kwa sababu kimelea cha malaria kina oganeli moja yenye asili ya bakteria, na dawa humpiga hapo.

Tena mwaka 2025 jarida la Science lilichapisha utafiti kuhusu Waturkana wenyewe, uliogundua kwamba jeni iitwayo STC1, inayohusika na kazi ya figo, imechaguliwa na maumbile katika jamii hiyo iliyozoea ukame. Ni habari ya seli za watu hawa, nayo imeandikwa kwa Kiingereza. Katiba ya mwaka 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi ya Kenya pamoja na Kiingereza. Mtu wa Lokitaung anayo haki ya kuisoma habari hiyo kwa lugha rasmi yoyote kati ya hizo mbili. Mfasiri atakayeishughulikia atahitaji seli, kiini, utando na jeni, na atahitaji kila moja lisimame mahali pamoja.

La kufanya si kuanza upya. Kidahizo kiini kigawanywe kiwe vidahizo vitatu, cha yai, cha seli na cha atomu, na chini ya kile cha yai iandikwe kwamba kitu hicho, kibiolojia, ni seli nzima. Kijidudu kiachwe kwa mazungumzo ya kawaida, na katika maandishi ya afya bakteria, kirusi na protozoa vitajwe kwa majina yao. Na kitabu cha wanafunzi kikichapishwa tena, mchoro wa yai uondolewe kando ya mchoro wa seli. Mahali pake ziwekwe chembe mbili nyekundu za damu, moja ya ngamia na moja ya kuku: zote mbili ni za duaradufu, lakini ya kuku ina kiini na ya ngamia haina.